Maiki Iliyosikia Mashine ya Kusaga

Mzee alikuwa amefika katikati ya wimbo, zeze kifuani, macho ameyafumba, pale mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ilipowaka. Yeye hakushtuka. Watu wa Ipagala, Dodoma, wameizoea mashine ile kama walivyouzoea upepo wa Agosti. Maiki haikuwa imezoea. Jioni, mwandishi wa makala haya alipovaa hedifoni asikilize kazi ya siku nzima, alikuta sauti ya mzee, mngurumo wa mashine, jogoo wa jirani, na nyuma ya vyote kasauti kembamba ka "ssss" kasikokatika, kama mtu anayekaanga vitunguu chumba cha pili. Zeze lenyewe ilibidi alitafute.

Hiyo ilikuwa mwaka 2019. Maiki ilikuwa ya kondensa, mpya, bado inanukia boksi, na boksi lilisema kwa herufi za dhahabu kwamba ni ya studio. Ilimchukua miaka mitatu na maiki mbili zaidi kujua alikosea wapi.

Alikuwa amehamia Ipagala miaka miwili kabla. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa umepitishwa tangu 1973 ukalala. Mei 2017 akaivunja CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia viwanja vya mji huo kwa zaidi ya miaka arobaini. Kwa mtu wa wizarani hiyo ni historia. Kwa mtu mwenye maiki hiyo ni kelele: kila upande msingi unachimbwa, tofali zinashushwa, mashine ya zege inazunguka, na fundi wa mageti ana grinda isiyojua Jumapili. Chumba chenyewe kilikuwa cha futi kumi kwa kumi na mbili, kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta laini, sakafu ya vigae, madirisha mawili ya aluminiamu, na juu bati tupu kwa sababu fedha ya dari ilikuwa haijapatikana. Mtu angepewa kazi ya kubuni chumba kibaya zaidi cha kurekodia angepata shida kukishinda hicho.

Na wateja wake walikuwa wa aina tatu wasiofanana kwa lolote. Kulikuwa na vijana wa mtaani wanaorap, ambao huisogelea maiki kana kwamba wanataka kuila. Kulikuwa na kwaya ya kigango, watu kumi na wanne, na mpiga kinanda ambaye hakuwahi kufika kwa wakati. Halafu kulikuwa na wazee wa Kigogo na vyombo vyao, zeze na ilimba, ambao hasa ndio waliomfanya aanze shughuli hii. Fedha ya maiki tatu hakuwa nayo. Alitaka moja ifae kwa wote, na ndiyo habari yote ya makala haya.

Ile ya kwanza aliinunua Kariakoo, dukani ambako hakuna haja ya kupataja. "Kaka, chukua hii, wasanii wakubwa wote wanatumia hii hii," muuzaji alimwambia, naye akatoa elfu themanini, akapewa na kistendi cha mezani, spongi na waya. Mfano huo unajulikana kwa jina la BM-800. Hutengenezwa China na kubandikwa nembo za kila namna. Siku alipoifungua kwa bisibisi, ndani ya bomba kubwa linalong'aa alikuta kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, na nafasi tupu ya kutosha kuweka limau. Haikuwa takataka. Kijana akirap kwa nguvu juu ya biti iliyojaa, maiki ile ilifanya kazi yake na hakuna aliyelalamika. Mzee mwenye zeze ndiye aliyeiumbua, kwa sababu mzee hapigi kelele.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuingia ndani ya kidude hicho. Maiki ya kondensa ni ngoma ndogo kuliko zote. Ina kiwambo, kama ngoma yoyote, ila hiki ni cha plastiki nyembamba iliyopakwa dhahabu, chembamba kuliko unywele wa mtu mara kadhaa. Nyuma yake, kwa umbali usioonekana kwa macho, kuna bamba la chuma. Kati ya hivyo viwili kuna chaji ya umeme. Sauti ikigonga kiwambo, umbali unabadilika, na mabadiliko hayo yanakuwa ishara ya umeme. Maiki ya dainamiki, ile ya kanisani na mnadani, ina koili ya waya iliyogandishwa kwenye kiwambo, na kila sauti inapokuja lazima ibebe mzigo huo. Kiwambo cha kondensa hakibebi kitu. Ndiyo maana kinanasa kucha inapogusa uzi, ulimi unapoachana na meno, na mashine ya kusaga ya mtaa wa pili.

Wazo hilo lina zaidi ya karne. E. C. Wente, mhandisi wa Marekani, alilitengeneza mwaka 1916 akiwa kwenye maabara za Western Electric. Mwaka 1928 Georg Neumann alianzisha kampuni Berlin kuuza maiki za aina hiyo, na mwaka 1949 kampuni yake ikatoa U 47, yenye swichi ya kubadili upande ambao maiki inasikia. Hizo zilikuwa mali za redio na kampuni kubwa za santuri. Kilichozishusha hadi Kariakoo ni kazi ya watu wawili wa Bell Labs, Gerhard Sessler na James West, ambao mwaka 1962 waligundua namna ya kuifungia chaji ndani ya plastiki yenyewe ikakaa humo kwa miaka. Maiki ya namna hiyo, elektreti, ndiyo iliyokuja kujaa kwenye simu, kwenye kinasa sauti cha mwandishi wa habari, na kwenye kile kifungo cha shati cha elfu themanini. West ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Virginia. Ni ajabu kidogo kwamba jina lake halitajwi katika studio zetu, wakati pengine hakuna kijana wa Bongo Fleva ambaye hajaimba mbele ya uvumbuzi wake.

Kondensa inahitaji umeme wake mdogo. Kwenye studio nyingi za leo umeme huo ni wa volti 48, unaopanda kwa waya ule ule unaoshusha sauti, ndiyo maana mafundi wakauita wa fantomu, yaani wa mzimu: hauna waya wake, lakini upo. Kwa nini 48 na si 50 wala 24? Mwaka 1966 shirika la utangazaji la Norwei, NRK, lilitaka maiki ndogo za Neumann ambazo zingetumia umeme uliokwishakuwepo studioni. Norwei majira ya baridi ni giza, na studio zake zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Neumann wakaifuata namba hiyo, na dunia nzima ikawafuata wao.

Taa za dharura! Mtu wa Ipagala anaipenda hadithi hiyo bila kuelezwa sababu. Wakati wa mgao mkali wa umeme, mwandishi aligundua kitu ambacho hakuna boksi litakalokiandika. Kadi yake ya sauti, aina ya Scarlett, ilikuwa ikila umeme wa laptop tu, na kutoka humo inazalisha volti 48 zake. Kwa hiyo umeme ulipokatika, studio iliendelea. Lakini friji ya jirani ilinyamaza. Televisheni zilinyamaza, grinda ya fundi wa mageti ilinyamaza, na mashine ya kusaga, ambayo ni ya umeme, ikanyamaza kuliko vyote. Mpaka wenye jenereta waamke, palikuwa na dakika kumi au kumi na tano za ukimya wa kijijini. Rekodi zake tatu bora za mwaka 2022 zilipatikana gizani. Watu wa Tanesco hawatazamii shukrani za namna hiyo, lakini wazipokee.

Maiki ya pili haikuwa yake. Rafiki mmoja, prodyuza wa Dar es Salaam, alimwazima AT2020 ya Audio-Technica, moja ya maiki za bei nafuu zinazoheshimika, ambayo ughaibuni wakati huo iliuzwa kwa takriban dola 100. Vijana waliipenda papo hapo. Sauti ikasimama mbele, maneno yakasikika, na kwa mara ya kwanza kazi ya Ipagala ilipopigwa kwenye bajaji haikuzama chini ya biti. Angetaka kurekodi rap peke yake, safari ingeishia pale, na makala haya yasingeandikwa.

Lakini akaja mzee wa ilimba. Asiyeijua ilimba ya Wagogo aifikirie kama kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma kwa makumi, zinazopigwa kwa vidole gumba, na chenye matundu yaliyozibwa kwa utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui. Ulimi wa chuma ukilia, utando unatetema, na chombo kinatoa mzizimo, "zzzz", juu ya kila noti. Dunia iliujua mlio huo kupitia Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa Dar es Salaam zama za Mwalimu Nyerere, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na ambaye albamu yake Chibite ilitolewa mwaka 1996 na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Zawose alifariki Desemba 2003. Kila mpiga ilimba wa Dodoma anapimwa kwake, apende asipende.

"Mbukwenyi," mzee alisalimia kwa Kigogo alipofika mlangoni na wajukuu wawili.

"Shikamoo babu, karibu."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo penye chombo?"

Walirekodi nyimbo nne. Usiku mwandishi alikaa kuzisafisha, na kwa ujinga wa mtu aliyejifunza kazi kwa video za YouTube akaudhania ule mzizimo wa buibui kuwa ni hitilafu ya maiki. Akaukata. Aliukata kwa ustadi kabisa, kila noti ikabaki safi kama maji ya chupa. Keshokutwa yake alimpigia mzee kazi iliyokwisha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akakohoa, akauliza: "Ilimba yangu umeipeleka wapi?"

Aliporudisha mzizimo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza, na hili halikuwa la ujinga wake peke yake. Ilimba ni chombo cha upole. Kimetengenezwa kisikike na watu waliokizunguka, kwa hiyo ilibidi aongeze sauti ya maiki sana. Kila maiki ina kelele yake ya ndani, inayotokana na umeme wake wenyewe, na watengenezaji huiandika kwenye karatasi kwa desibeli. Ya AT2020 ni desibeli 20. Kwa mtu anayerap namba hiyo si kitu. Kwa ilimba inayokufa taratibu mwishoni mwa wimbo, ile "ssss" inabaki uwanjani baada ya mwanamuziki kuondoka. Zipo maiki ambazo namba hiyo ni 12, kama AT2035 ya kampuni hiyo hiyo, na zipo za Rode ya Australia zenye 5 au chini ya hapo. Kwa sikio la mtu, tofauti ya desibeli 10 ni karibu sawa na kupunguza sauti nusu nzima.

Hapo angeweza kukimbilia iliyo kimya kuliko zote, na wengi hufanya hivyo. Yeye naye nusura afanye. Kilichomzuia ni nyumba ya mzee.

Mzee alikuwa amekataa kurudi Ipagala ("kule kwenu kuna vumbi la magari, huku kuna vumbi la Mungu"), kwa hiyo mwandishi akabeba laptop na maiki ya kuazima mpaka kijijini kwake, wilaya ya Chamwino. Nyumba ilikuwa tembe, moja ya chache zilizobaki. Tembe ni nyumba ya asili ya Mgogo: kuta za miti na udongo mnene, paa bapa la miti, fito na udongo, dirisha dogo kama tundu la njiwa. Watu walihamishwa kwa maelfu kutoka kwenye makazi ya namna hiyo wakati wa Operesheni Dodoma mwaka 1971, na tangu wakati huo bati limekuwa ndiyo alama ya maendeleo. Si neno. Lakini ndani ya tembe mwandishi alipiga kofi moja, na kofi halikurudi. Hakuna mwangwi. Kuta ni nene na hazilingani, paa ni zito, ndani mna vibuyu, magunia na ngozi. Sauti ikitoka imetoka. Aliwasha maiki ile ile ya desibeli 20, akakaa karibu sana na ilimba, na rekodi aliyotoka nayo iliishinda kila kitu alichowahi kukifanya Ipagala.

Ndipo alipoanza kuuliza swali kwa namna nyingine. Maiki ipi ina masikio makali zaidi? Hilo alikuwa akiliuliza kila muuzaji. Akaanza kuuliza: ipi itaniruhusu kuchagua nisichotaka kusikia?

Wengine waliuliza mapema. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila, Wagogo wakiwemo, alikuwa na jenereta ya kuendeshea mitambo yake, na jenereta inanguruma kama mashine ya kusaga. Aliiacha mbali, akavuta waya mrefu, kisha akaishika maiki mkononi mwake na kuisogeza mwenyewe, sasa kwa mwimbaji, sasa kwa ngoma. Ukizisikiliza rekodi zile leo husikii jenereta. Unamsikia mtu aliyekuwa akichagua.

Kwenye maiki ya leo uchaguzi huo uko kwenye swichi tatu, na kwa maoni ya mwandishi hizo ndizo za kutazama kabla ya rangi, jina au picha ya msanii kwenye boksi.

Ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ni ya umbo la usikivu. Kondensa nyingi za bei nafuu zina umbo moja, la moyo: zinasikia mbele, zinapunguza nyuma. Hilo linatosha ukiwa na mwimbaji mmoja na kelele iko upande mmoja. Chumba cha Ipagala hakina kelele upande mmoja. Adui yake mkubwa yuko juu, bati, linalorudisha kila sauti chini kama mvua. Maiki ya umbo la moyo iliyosimama wima inapunguza sauti ya kutoka juu kwa desibeli 6 tu. Lipo umbo lingine ambalo vijana hawaligusi kwa sababu hawaoni faida yake, la namba nane: linasikia mbele na nyuma sawasawa, lakini kulia, kushoto, juu na chini ni kiziwi. Juu na chini! Siku mwandishi alipolijaribu mara ya kwanza, kwa maiki nyingine ya kuazima, akatundika blanketi zito nyuma ya maiki na godoro nyuma ya mwimbaji, bati likapotea. Halikupotea lote, maana sauti hurandaranda chumbani na kurudi kwa njia nyingine, lakini ilitosha mwimbaji kuuliza kama dari imeshawekwa. Umbo la tatu, la pande zote, ndilo lililookoa kwaya: watu kumi na wanne katika duara, maiki moja katikati, wenye sauti kubwa wanarudi hatua mbili, sauti ya pili inasogea. Kumpanga mwimbaji kwa miguu yake ni rahisi kuliko kumpanga baadaye kwa kompyuta.

Swichi ya pili hupunguza nguvu inayoingia, kwa desibeli 10 mara nyingi. Aliidharau mpaka alipoalikwa kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ambao hubana ngoma kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono huku wakicheza. Alisogeza maiki karibu kama alivyozoea kwa ilimba. Mama wa kwanza alipiga mara moja, na kwenye kioo cha laptop kila taa ikawa nyekundu. Sauti iliyopasuka hivyo haitengenezeki. Hakuna programu wala maombi.

Ya tatu hukata mngurumo wa chini, kwa kawaida kuanzia hezi 80. Mashine ya kusaga, lori la mchanga, mvumo wa hezi 50 wa nyaya za umeme, upepo unaopenya chini ya mlango, vyote vinakaa sehemu hiyo, na sauti ya mwimbaji kwa sehemu kubwa haimo. Ni swichi ndogo kuliko zote. Mwandishi hakumbuki mara ya mwisho aliizima.

Mwaka 2022 alinunua, kwa mkono wa pili kutoka kwa prodyuza aliyekuwa akifunga studio yake Dar, Rode NT2-A. Ina maumbo yote matatu, hatua mbili za kupunguza nguvu, hatua mbili za kukata mngurumo, na kelele yake ya ndani ni desibeli 7. Aliilipia laki sita, fedha ya mauzo ya zabibu za familia kwa msimu mzima, na nyumbani hakueleza bei yote. Angekuwa na fedha ya kuchezea angenunua C414 ya AKG, ambayo toleo lake la XLS lina maumbo tisa. Au U 87 ya Neumann, iliyotoka mwaka 1967 na ambayo bei yake leo ni ya pikipiki kadhaa. Hazikumuuma. Hata maiki ya desibeli 4 haina maana katika nyumba ambayo jogoo peke yake anaishinda, na mtu asikubali kulipia ukimya ambao chumba chake hakiwezi kuutumia.

Kabla hajalipa alifanya majaribio, na hili analisisitiza kwa kila anayemwuliza. Alikwenda na laptop yake, hedifoni yake na waya wake. Alirekodi dakika moja ya ukimya kwenye chumba cha ndani, akaongeza sauti mpaka mwisho na kusikiliza. Alitikisa funguo mbele ya maiki, kwa kuwa mlio wa funguo huumbua kila kiwambo chenye ukali wa bandia. Kondensa nyingi za bei ya chini zimeinuliwa sauti za juu makusudi ili zionekane safi dukani. Kijana anayerap ananufaika, lakini ilimba yenye utando wa buibui inageuka kuwa nyuki. Alizungusha kila swichi mara kumi. Akazungumza pembeni ya maiki kwenye umbo la namba nane kuona kama kweli anapotea, na alipopotea akatoa fedha.

Kuna neno la haki ambalo wauzaji wa kondensa hawalisemi. Kwa nyumba nyingi za mjini, maiki ya dainamiki ingewafaa wenyewe zaidi. Shure SM58 imekuwepo tangu 1966, haihitaji umeme wa mzimu, ikianguka inaokotwa. Na SM7, dainamiki nyingine ya kampuni hiyo, ndiyo Bruce Swedien aliyomrekodia nayo Michael Jackson kwenye Thriller, mwaka 1982. Kama kazi yako yote ni mtu mmoja anayeimba au kusoma habari karibu na maiki, na dirisha lako linatazama barabara, nunua dainamiki na fedha itakayobaki weka dari. Mwandishi alichukua kondensa kwa sababu ya ilimba, zeze na kwaya. Bila hao, asingekuwa na sababu.

Vumbi ndilo lililobaki. Prodyuza wa Dar huogopa unyevu: hewa ya pwani ikiingia kwenye kondensa, maiki huanza kutoa milio kama mahindi ya kukaanga. Dodoma, yenye mvua za Desemba hadi Aprili na ukavu miezi iliyobaki, haina shida hiyo. Lakini kiwambo chenye chaji huvuta vumbi kama televisheni ya zamani, na Ipagala ya Agosti ni vumbi tupu. Maiki haiachwi kwenye stendi. Kazi ikiisha hata kwa nusu saa inafunikwa mfuko wa nailoni, jioni inarudi kwenye boksi lake, na mbele yake daima kuna kichujio cha pumzi, alichokitengeneza kwa soksi ndefu ya mwanamke na kipete cha mti. Kinazuia "p" na "b" zisipasuke, na kinazuia mate. Kwa vijana wanaoila maiki, hilo la mate si dogo.

Na mashine ya kusaga? Aliiendea mwenyewe, baada ya miaka mitatu ya kuilaani. Mwenye nayo ni mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeleta debe ngapi?"

Alipomweleza shida yake mama alicheka mpaka akaufuta unga machoni. Mahindi ya watu hayawezi kusubiri zeze, alisema, lakini yeye mashine hawashi kabla ya saa mbili asubuhi, na siku zote imekuwa hivyo. Angeulizwa mapema angejibu mapema. Tangu hapo kurekodi Ipagala huanza baada ya adhana ya alfajiri na kwisha saa mbili kasorobo. Jogoo wa jirani alinunuliwa kwa elfu ishirini na tano, akaliwa Pasaka.